Namba Iliyoondolewa

"Kaa, Profe, kaa," alisema Injinia Barrionuevo, mkurugenzi wa akademia, ingawa ofisini mwake mlikuwa na kiti kimoja tu na alikuwa amekikalia yeye.

Profe Teófilo Yaranga alibaki wima, vumbi la chaki likiwa bado kwenye vidole na kwenye kola ya koti lake. Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu cha taifa. Akademia Hipotenusa, shule ya kuwanoa watahiniwa, ilikuwa inachemka. Vijana walijaa kila chumba, wengine wamekaa sakafuni, vioo vya madirisha vinatiririka maji kwa ukungu wa Julai, na korido nzima inanuka soksi na mihogo ya kukaanga.

"Nakuambia kama ndugu," Injinia aliendelea. "Mzazi anakuja hapa kuandikisha mtoto. Ananiuliza, hesabu za mantiki anafundisha nani? Namwambia Profe Yaranga, mkongwe, hakuna kama yeye wilaya nzima ya Comas, hapa Lima. Anauliza tena, na huyo Profe watoto wake wako chuo gani? Sasa mimi nimjibu nini?"

"Nina mmoja tu, Injinia. Neli. Anafanya tena keshokutwa."

"Anafanya tena." Injinia aliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja supu iliyochacha. "Mwenye upara anaweza kuuza dawa ya kuotesha nywele? Nijibu tu."

"Hawezi, Injinia."

"Haya, umejihukumu mwenyewe. Neli akiingia, vipindi vyako vinabaki, na vya Jumamosi nakuongezea. Asipoingia, vipindi nampa yule mwalimu kijana mwenye hereni, wanafunzi wanampenda. Mimi sina ubaya na wewe, Profe. Funga mlango vizuri, baridi inaingia."

Profe alifunga mlango vizuri.

Darasani walimwita Profe Katikati, na alijua. Jina hilo lilitokana na somo moja lililompatia heshima yake ndogo pande zote mbili za barabara ya Túpac Amaru: wastani wa namba zinazofuatana. Somo lenyewe halijai mkononi, lakini mtihani wa chuo kikuu haujawahi kulikosa, na Profe alilifundisha kama padri anavyosoma misa.

"Zikifuatana, msijumlishe kama wauza duka!" alipaza sauti siku hiyo, mwili ukiwa darasani na roho ikiwa bado ofisini. "Chukua ya kwanza, chukua ya mwisho, jumlisha, gawa kwa mbili, kwisha! Zikiwa witiri, wastani ni nani?"

"Anayesimama katikati, Profe!"

"Na zikiwa shufwa?"

"Yuko hewani, Profe!"

"Yuko hewani, kati ya wawili. Pale hapana namba, lakini wastani upo. Msimtafute mtu pale, hamtamwona."

Neli alikuwa mstari wa mbele, kiti cha pili. Kwetu viti havichaguliwi. Kila Jumamosi kuna jaribio, na kila Jumatatu unakaa panapostahili alama zako, wa kwanza mbele ya ubao, wa mwisho mlangoni pa choo. Kukaa kiti cha pili si mchezo. Msichana huyo alikuwa na akili, yeyote asikudanganye, na alikuwa na msuko mmoja mrefu uliofika kiunoni, ambao mama yake Zenaida aliusuka upya kila alfajiri kabla ya kusukuma mkokoteni wake wa kinywaji cha moto cha shayiri hadi lango la akademia.

Kutoka nyuma, karibu na choo, kijana mmoja alinyoosha mkono.

"Profe, swali la maisha. Binti yako alifanya mtihani mara ya kwanza, akafanya ya pili, sasa ya tatu. Namba zinafuatana. Wastani si mbili?"

Darasa lililipuka. Watu walipiga meza. Mwalimu mwingine angemtoa nje yule mtoto, lakini kila mwisho wa mwezi wanafunzi hupiga kura kusema wanampenda mwalimu gani, na Profe alikuwa na baridi ya ofisi bado mgongoni. Kwa hiyo alicheka. Alicheka kwa sauti, akaandika ubaoni 1, 2, 3, akaizungushia duara ile mbili.

"Umepatia," alisema. "Kaa chini."

Neli alikuwa amezoea kicheko cha darasa. Hiki cha baba yake hakuwahi kukisikia, nacho ndicho alichoondoka nacho.

*

Mtihani hufanyika Jumapili asubuhi, na matokeo hutoka jioni. Lakini nani kwetu ana subira ya kungoja jioni? Mlango wa chuo ukifunguliwa tu, akademia zote zinawanasa vijana wanaotoka, zinawakamua maswali waliyoyakumbuka, walimu wanayatatua wamesimama, na kabla chakula cha mchana hakijashuka tumboni karatasi za majibu zimeshachapwa na kugawiwa barabarani. Alasiri kila akademia inaweka jukwaa uani kwake. Anayehisi ameingia anapanda, anasomewa swali moja moja, anataja jibu alilochagua, na mkurugenzi anajumlisha mbele ya watu. Jibu sahihi linakupa alama, la makosa linakukata, na ukiacha wazi hupati wala hukatwi.

Uani kwa Hipotenusa walikuwepo wote. Zenaida aliacha mkokoteni wake langoni, mikono ameifungia kwenye aproni. Kaka yake, Mjomba Eleuterio, alikuwa ameshuka kutoka Huancayo, milimani, kwa basi la usiku akiwa na simbilisi sita waliokwisha kuchunwa, amewafunga kwenye gazeti, na kila aliyemsalimia alimfunulia kifurushi aone.

"Hawa ni wa daktari wetu," alisema. "Akikosa, wanarudi na mimi."

Watu walicheka. Mjomba hakuwa anatania sana.

Neli alipanda jukwaani. Alitaja majibu kwa sauti kavu, na kila jibu lililolingana na karatasi uwanja ulipiga makofi. Walipofika swali la arobaini na moja, Injinia Barrionuevo aliinua mkono kutaka kimya, akalisoma kwenye kipaza sauti neno kwa neno.

"Namba kumi na moja zinazofuatana zina wastani wa ishirini. Ikaondolewa moja, wastani wa zilizobaki ukawa ishirini na nusu. Namba iliyoondolewa ni ipi?"

Macho yote yalimgeukia Profe, ambaye alikuwa amejibanza ukutani karibu na mapipa ya taka.

"Kumi na tano," alisema Neli.

"Kumi na tano!" Injinia alipaza sauti. "Swali la baba, jibu la binti!"

Uwanja ulipasuka. "Ka-ti-ka-ti! Ka-ti-ka-ti!" waliimba vijana wale wale wa Ijumaa, wakamwinua Profe mabegani, koti likampanda hadi makwapani, miguu inaning'inia. Profe alilia bila kujificha. Miaka yote ya chaki, na hii ilikuwa mara ya kwanza jina lile kuitwa kwa mapenzi.

"Arobaini na mbili," Injinia alisoma.

Swali la arobaini na mbili Neli hakuwa amelijibu. Wala la arobaini na tatu, wala la arobaini na nne. Muda ulimkatikia hapo, akaziacha nafasi tatu nyeupe kwenye karatasi yake. Alikuwa amepanga kusema hivyo: wazi, wazi, wazi. Si aibu, watu huacha. Lakini baba yake alikuwa angali juu ya mabega ya watu, anajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia ubao, na chini ya jukwaa msichana mmoja alikuwa ameshikilia karatasi ya majibu, amenyoosha kidole kwenye herufi.

"C," alisema Neli.

"Sahihi! Arobaini na tatu?"

"A."

"Sahihi!"

Na ya tatu pia ikawa sahihi. Akajiambia kwamba pengine hata bila hizo tatu alama zitatosha. Pengine.

Injinia alijumlisha, akalinganisha na alama ya mwisho kuingia udaktari mwaka uliopita, akakitupa kipaza sauti hewani na kukidaka.

"Udaktari!" alipiga kelele. "Hipotenusa ina daktari! Leteni mashine!"

*

Aliyeingia chuo hunyolewa. Wazazi wako, majirani, hata wasiokujua, kila mtu ana haki ya kupitisha mkasi, na unatembea na upara wako wiki nzima ili dunia ione. Msichana hukatwa kishungi tu, cha picha.

"Tusubiri matokeo, Injinia," Neli alisema.

"Ni saa chache tu," Zenaida aliunga mkono, akijisogeza mbele. "Nywele hazikimbii, Injinia."

"Mama, sikiliza." Injinia alielekeza kidole ng'ambo ya barabara, kwenye akademia nyingine, ambako ngoma zilikuwa zinapigwa na unga mweupe unaruka hewani. "Wale wameshaanza. Bango lao litakuwa juu kesho asubuhi. Mimi nisubiri, wazazi wapite wasome la nani?"

"Basi katieni kishungi," alisema Zenaida.

"Kishungi kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara? Mhasibu nakata kishungi. Daktari ananyolewa chote."

"Acha uoga, dada," Mjomba Eleuterio alidakia. "Basi langu linaondoka jioni. Nimesafiri usiku kucha nije kuangalia watu wakingoja?"

Haraka haraka haina baraka, kila mtu pale aliujua msemo huo, na hakuna aliyeutamka. Profe ndiye aliyekabidhiwa mkasi kwanza. Aliushika ule msuko karibu na kisogo, akaukata kwa taabu, maana ulikuwa mnene na mkasi ulikuwa wa karatasi. Kisha wakampa mashine.

"Baba," Neli alisema taratibu.

"Usitikisike, binti yangu. Nitakukata."

"Baba, nina neno."

"Utaniambia nyumbani. Inamisha kichwa."

Aliinamisha. Walipomaliza walimvunjia mayai juu ya upara, wakammwagia unga, wakamvisha utepe. Mpiga picha alimwambia acheke. Picha ya saba Injinia aliipenda, akaituma papo hapo kwa mchapaji wa mabango. Zenaida alikuwa amepiga magoti anaokota msuko kwenye matope ya mayai, na watu walimruka tu.

*

Matokeo yaliwakuta mezani. Simbilisi walikuwa wameshakaangwa na mchuzi wa karanga umeshamwagwa juu ya viazi. Profe alivaa miwani, akaandika jina la binti yake kwenye simu, na ukurasa ukawa unazunguka, unazunguka, kwa sababu nchi nzima ilikuwa inaandika majina ya watoto wake.

Mjomba Eleuterio alikuwa kwenye simu yake mwenyewe, anazungumza na Huancayo. "Ndiyo, udaktari! Mwambie na yule jirani aliyenicheka! Ndiyo, kichwa kama yai!"

Ukurasa ulifunguka. Profe aliusoma, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akausoma tena.

"Nini?" aliuliza Zenaida.

"Hakupata nafasi."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri, mama. Hakupata nafasi. Amekosa kwa swali moja na kidogo."

Mjomba aliziba simu kwa kiganja. "Sasa hawa wa Huancayo niwaambie nini? Nimeshampigia hadi padri!" Alikata simu, akautazama mkono wa simbilisi kwenye sahani yake, akautafuna, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

"Jukwaani ulisema C," Profe alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Ulisema A. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema walichosema wengine," Neli alijibu.

"Kwenye karatasi uliandika nini?"

"Sikuandika kitu. Niliacha wazi matatu. Muda uliisha."

"Muda uliisha! Wewe, unayemaliza jaribio kila Jumamosi na kuanza kuchora maua pembeni? Muda wako ulikwenda wapi?"

Neli alikigusa kichwa chake, kama vile alikuwa anatafuta nywele za kuzungushia kidole.

"Mjibu baba yako," alisema Zenaida.

"Kwenye swali lako, Baba."

"Lipi?"

"La arobaini na moja."

"Lile? Lile ni la nusu dakika! Nimekufundisha una miaka tisa, kwenye meza hii hii, kwa punje za mahindi!"

"Nililijibu kwa nusu dakika. Halafu nikafikiri, nikilikosa hili, nyumbani nitaingia kwa mlango gani? Nikajumlisha moja moja, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, hadi mwisho. Ikatoka kumi na tano. Sikuamini. Nikafuta nikaanza upya. Kila nikijumlisha nilimsikia yule kijana wa nyuma anacheka." Alisukuma sahani yake pembeni. "Halafu nilikusikia wewe unacheka. Nilipoinua kichwa walikuwa wanakusanya karatasi."

Profe aliichukua miwani yake, akaanza kuifuta tena kwa kitambaa cha meza. Mjomba Eleuterio ndiye aliyesema, huku akijichokoa meno.

"Kwa hiyo amekosa kwa sababu alipatia. Nyinyi wasomi mna mambo."

*

Jumatatu asubuhi bango lilikuwa juu tayari. Lilifunika ghorofa mbili za jengo. Neli alikuwa katikati, mkubwa kuliko wengine wote, upara unang'aa, utepe kifuani, na chini yake neno moja, UDAKTARI. Zenaida alisukuma mkokoteni wake chini ya kidevu cha binti yake, na wateja wakaanza kufika.

"Hongera, Mama Daktari! Leo unatupa bure?"

"Nikiumwa tumbo kwa kinywaji chako, sasa najua pa kutibiwa!"

Alijaza vikombe. Alisema ahsante. Alisema ahsante mara nyingi kuliko alizowahi kusema maishani.

Juu, Profe alisimama mbele ya kile kiti kimoja, kofia mkononi.

"Najua," alisema Injinia kabla hajafungua mdomo. "Niliona jana. Mimi huangalia kabla yenu."

"Injinia, naomba ulishushe."

"Nishushe? Kitambaa kile unajua bei yake? Tangu asubuhi wameandikishwa watoto zaidi ya wiki nzima iliyopita. Wanamtaka nani? Wanamtaka baba wa yule." Alielekeza kidole dirishani. "Vipindi vyako vinabaki, Profe. Vya Jumamosi pia, mimi ni mtu wa neno langu."

"Lakini hakuingia."

"Jina nimeandika moja tu, Neli, bila la ukoo. Walioshindwa ni maelfu, nani anasoma majina yao? Na hao wengine kwenye bango, unadhani wote wameingia?"

Chini mtu alipiga honi, na muuza mikate alisikika anaimba bei.

"Kuna jambo moja tu," Injinia alisema, akashusha sauti kwa upole mkubwa, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. "Asirudi darasani kwangu. Wala ng'ambo, wala akademia yoyote barabara hii. Na mtihani wa Machi asiufanye. Akionekana kwenye foleni ya mtihani na kichwa kile, sisi sote tumekwisha, wewe wa kwanza."

"Basi afanye lini, Injinia?"

"Udaktari husomwa miaka saba, Profe. Kwa miaka saba hakuna atakayekuuliza kwa nini binti yako haonekani."

Profe alitaka kumtukana. Neno lilimfika kooni kabisa, neno zito la kwao milimani, ambalo marehemu babake alilitumia kwa punda. Akalimeza.

"Ahsante, Injinia," alisema, na akafunga mlango vizuri.

*

"Nitakaa nyumbani," alisema Neli, baba yake alipomaliza kuwaeleza sharti la Injinia. "Sihitaji akademia. Nitajisomea hapa ndani, sitachungulia hata dirishani. Machi nitafunga kitambaa, nitavaa miwani, nitajipanga wa mwisho kwenye foleni. Baba, mwaka huu nilikosa kwa swali moja."

Profe alikuwa anakikuna kidonda cha chaki kwenye kidole gumba. Alikuwa anajua, kuliko mtu yeyote Lima, kwamba binti yake alikuwa amesema kweli. Msichana huyo alikuwa wa kuingia. Machi angeingia amefumba macho.

"Sema kitu, Teófilo," alisema Zenaida.

"Sema wewe."

Zenaida alikaa karibu na binti yake. Mikono yake ilikuwa inanuka majani na ndimu. Alianza kwa kumkunja kola, ambayo haikuwa imekunjuka.

"Baba yako ana miaka hamsini na sita, mwanangu. Wakimtoa pale, atakwenda wapi? Ng'ambo wanataka vijana wa hereni. Mimi na mkokoteni wangu, leo polisi wa manispaa wameuacha, kesho wameuchukua."

"Mama."

"Wewe bado mtoto. Una maisha."

"Maisha gani, Mama, kama mtihani siufanyi?"

"Ndiyo ninasema. Maisha ni mengi."

"Viazi vyangu sokoni vinahitaji mtu wa kuvichambua," Mjomba Eleuterio alisema kutoka mlangoni, begi likiwa begani tayari. Alikuwa amekosa basi la jana na nauli ya pili ilikuwa inamuuma. "Vikubwa huku, vidogo huku. Si kazi ya akili, lakini atakula. Nisije nikasikia tu mtu wa Huancayo anaitwa daktari na mgonjwa wake ni kiazi."

Alicheka peke yake.

Neli aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwa baba yake. Alimngoja. Mimi nasema, na sitaficha hasira yangu, kwamba pale ndipo mtu yule alipofanya mtihani wake, na swali lilikuwa jepesi.

"Vaa nguo nzito," alisema Profe. "Kule juu ni baridi, na huna nywele."

Walitoka mchana, maana basi halingojei giza. Zenaida alimvika kofia ya sufu yenye masikio, akaivuta hadi kwenye nyusi. Haikusaidia. Kwenye ngazi za mtaa majirani walimtambua, wakatoka mlangoni.

"Daktari! Unatuacha? Unahamia karibu na chuo?"

"Ndiyo," Zenaida alijibu kwa niaba yake. "Masomo ni magumu."

"Vua kofia tuuone huo upara wa heshima!"

Neli alivua kofia. Wakapiga makofi. Mzee mmoja alimpapasa kichwani, akasema ni bahati kugusa kichwa cha aliyeingia, na akamwita mjukuu wake naye aje aguse.

*

Agosti msimu mpya ulianza. Chumba cha Profe kilijaa hadi wengine wakasimama korido, na Injinia alimnunulia ubao mpya mweupe na kalamu za wino, ili asichafue koti. Kutoka dirishani bango lilionekana kwa nyuma. Mwanga ukipita, uso wa Neli ulitokeza kwenye kitambaa umegeuka, jicho la kulia likiwa kushoto. Profe alikuwa amejifunza kufundisha bila kugeukia upande ule.

"Swali hili lilitoka Julai," alisema, "na litatoka tena. Namba kumi na moja zinazofuatana, wastani ishirini. Ikaondolewa moja, wastani ukawa ishirini na nusu. Msijumlishe kama wauza duka! Ishirini anasimama katikati, kwa hiyo safu ni kumi na tano hadi ishirini na tano. Wastani umepanda au umeshuka?"

"Umepanda, Profe!"

"Basi mkubwa au mdogo ndiye aliyetoka?"

"Mdogo!"

"Mdogo kuliko wote. Kumi na tano. Mdogo akitoka, waliobaki wote wanapanda kidogo. Kuna swali?"

Mkono uliinuka mlangoni pa choo. Kila msimu yupo mmoja wa kukaa pale.

"Profe, na ile iliyoondolewa? Inakwenda wapi?"

Darasa lilicheka. Lilikuwa swali la kijinga, la kupoteza muda, na walimtazama Profe ili acheke nao, maana walishasikia kwamba Profe Katikati hucheka.

Profe alishika kifutio. Kisha akaifuta kumi na tano, akafuta na nyingine zote.

"Hilo," alisema, "haliulizwi kwenye mtihani."